Dawa mbili za kolesteroli kwa mgonjwa mmoja: lini zinasaidiana, lini zinaumiza

Mtu akitoka kliniki na dawa ya pili ya kolesteroli juu ya ile aliyokuwa akimeza, wazo la kwanza ni kwamba hali yake imekuwa mbaya, na la pili ni fedha. Swali lenye faida zaidi huwa haliulizwi: kwa nini daktari hakuongeza tu dozi ya ile ya kwanza? Kidonge cha miligramu 40 kimeshusha, basi cha 80 si kitashusha mara mbili?

Hakishushi hivyo, na ukishaelewa kwa nini, utaelewa pia dawa zipi zinafaa kuunganishwa na zipi hazina maana kukaa kwenye mkoba mmoja.

Tutunge mgonjwa ili hesabu ionekane. Mzee wa miaka 61, dereva wa watalii aliyestaafu, mkazi wa Sakina, Arusha. Alipata shambulio la moyo, akalazwa, akapona. Cheti cha maabara kilisoma LDL 4.2 mmol/L. LDL ndiyo kolesteroli inayosafiri kwenye damu na kujipenyeza kwenye kuta za ateri hadi zikazibana. Kwa mtu ambaye moyo wake umeshaguswa, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unataka LDL iwe chini ya 1.4. Wamarekani, katika mwongozo wao wa 2018, waliweka 1.8 kuwa kiwango ambacho mgonjwa wa namna hii akikizidi, huku tayari anameza dawa kikamilifu, inafikiriwa dawa ya pili. Mzee wetu akaanzishiwa atorvastatini miligramu 40. Baada ya miezi miwili LDL imekuwa 2.2. Imekatika karibu nusu, na hilo si jambo dogo, lakini bado haijafika inakotakiwa.

Akipandishiwa hadi 80, atafika kama 1.9 au 2.0. Akibaki na 40 ileile na kuongezewa ezetimibe miligramu 10, atafika kama 1.7. Ezetimibe ukiitumia peke yake ni dawa dhaifu, inashusha LDL kwa asilimia 18 hadi 20 hivi, na bado hapa imeizidi dozi iliyoongezwa maradufu.

Statini zote, iwe atorvastatini, rosuvastatini au simvastatini, zina tabia moja ambayo madaktari wanaiita kanuni ya sita. Kila unapoongeza dozi mara mbili, unapata nyongeza ya asilimia 6 tu ya kile kiwango ulichoanza nacho. Kutoka 10 kwenda 20 ni sita, kutoka 20 kwenda 40 ni sita, na kutoka 40 kwenda 80 ni sita tena. Kazi kubwa inafanywa na dozi ya chini, zinazofuata zinaokota mabaki. Madhara kwa upande wake hayatembei kwa mwendo huo wa pole. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia wagonjwa wapya kuanzishiwa simvastatini ya miligramu 80, kwa sababu misuli ya watu ilikuwa inaumia zaidi kwa faida ndogo.

Kwa nini statini inachoka mapema hivyo? Ini hutengeneza kolesteroli lenyewe, na statini inakizuia kimeng'enya kinachoendesha utengenezaji huo. Ini likipungukiwa linaitafuta kwingine: linatoa vipokezi vingi zaidi juu ya seli zake, na vipokezi hivyo vinaikamata LDL iliyo kwenye damu na kuivuta ndani. Kwa hiyo kinachosafisha damu hasa ni vipokezi vya ini. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliovigundua, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Statini ya kwanza ilikuwa imeshapatikana Japani, ambako Akira Endo aliitoa kwenye ukungu miaka ya 1970, na kidonge cha kwanza kuruhusiwa Marekani, lovastatini, kiliingia sokoni mwaka 1987.

Lakini mwili haukai kimya unapoingiliwa. Utengenezaji ukibanwa kwenye ini, utumbo huanza kufyonza kolesteroli nyingi zaidi. Tena statini yenyewe inaliamsha ini litoe protini iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi vilevile tulivyovihitaji. Aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaijua mifongo, ile mifereji ya maji ya mashambani: ukiziba mdomo mmoja na shamba lina mfongo wa pili, maji yatafika tu, na kuongeza udongo kwenye mdomo ulioziba tayari hakusaidii kitu.

Ezetimibe inauziba ule mdomo wa utumbo. Inazuia protini iitwayo NPC1L1, iliyoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, inayopokea kolesteroli na kuiingiza mwilini. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kolesteroli iliyoko ndani ya utumbo haitoki kwenye chakula peke yake, na wala chakula si chanzo kikubwa. Sehemu kubwa inaletwa na nyongo kutoka kwenye ini, kama gramu moja kwa siku, wakati chakula huchangia kama theluthi ya hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha mayai na mafuta ya nyama kabisa, LDL yake ikashuka kidogo tu, na bado ezetimibe ikamfaa. Inazuia mzunguko wa kolesteroli yake mwenyewe.

Dawa hiyo ikitumika peke yake, ini nalo hujibu kwa kutengeneza zaidi. Kila moja ya dawa hizi mbili inaziba pengo linalofunguliwa na mwenzake. Huo ndio muungano wenye mantiki, na kwa maoni yangu ndio unaopaswa kufikiriwa kabla ya kumpandisha mgonjwa hadi dozi ya juu kabisa ya statini, hasa mtu mzima mwenye mwili mdogo au figo zilizochoka.

Mantiki peke yake haitoshi, na tutaona mbele kidogo dawa zilizokuwa na mantiki nzuri zikaanguka. Ezetimibe imepimwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia wagonjwa 18,144 waliotoka kulazwa kwa matatizo ya ghafla ya moyo. Nusu walipewa simvastatini peke yake, nusu wakaongezewa ezetimibe. Baada ya miaka 7, waliopata pigo jingine la moyo, kiharusi au tukio kubwa la namna hiyo walikuwa asilimia 34.7 kwenye kundi la dawa moja na asilimia 32.7 kwenye kundi la dawa mbili. Tofauti ni watu 2 katika kila 100. Wapo wanaoicheka tofauti hiyo. Mimi siicheki, ila naona mgonjwa anastahili kuisikia kama ilivyo: dawa ya pili ni ulinzi wa ziada unaojengeka kwa miaka, si tiba utakayoihisi wiki ijayo. Ikumbukwe pia kwamba wagonjwa wale walianza na LDL ya chini tayari. Anayeanza juu ana zaidi cha kuvuna, kwani tafiti za statini zilipojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba kila mmol/L moja inayoshuka inapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu moja ya tano.

Mwaka 2022 watafiti wa Korea Kusini wakauliza swali letu la mwanzo moja kwa moja. Wagonjwa 3,780 wenye ugonjwa wa mishipa waligawanywa: wengine rosuvastatini 20, wengine rosuvastatini 10 pamoja na ezetimibe. Kwa miaka mitatu makundi yote mawili yalilindwa sawasawa, ila waliolazimika kuacha au kupunguza dawa kwa kushindwa kuivumilia walikuwa asilimia 8.2 kwenye dozi kubwa na 4.8 kwenye mchanganyiko. Dawa isiyovumilika hurudi kabatini, na ikiwa kabatini haimlindi mtu.

Sasa njoo kaunta ya famasi moja karibu na stendi ya Moshi. Mama wa makamo amefungua mkoba, ametoa maboksi manne na kuyapanga: ya presha, ya sukari, na mawili anayoyaita ya mafuta.

"Shikamoo mama," anasema kijana mfamasia.

"Marahaba, mwanangu."

"Hizi mbili unameza zote?"

"Zote. Hii ya asubuhi nimepewa kliniki ya sukari. Hii ya usiku nimepewa na daktari wa moyo."

Kijana anayageuza maboksi. Jina la biashara limeandikwa kubwa, na jina la dawa yenyewe lipo chini yake kwa herufi za kuhitaji miwani. Anaweka kidole pale. Boksi la kwanza: atorvastatini 20. La pili: rosuvastatini 10 na fenofibreti 160, ndani ya kidonge kimoja.

"Mama, hapa una statini mbili. Na hii ya pili ina dawa nyingine tena ndani yake."

"Mbona rangi tofauti?"

"Rangi ni ya kiwanda, mama. Daktari wa moyo alijua kwamba unameza hii ya kwanza?"

"Hakuniuliza."

Hilo nalo ni kuunganisha dawa za kolesteroli, ila hakuna aliyekusudia. Statini mbili kwa pamoja hazina faida yoyote, kwa sababu zote zinaziba mdomo uleule, na madhara yanajumlishwa. Vidonge vyenye dawa mbili ndani ni kitu kizuri kwa mtu mwenye dawa nyingi, maana vinapunguza idadi ya kumeza, na Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya mchanganyiko kwa magonjwa ya moyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Shida ni kwamba dawa ya ndani inajificha nyuma ya jina la biashara. Mwenye kliniki mbili au tatu aende na maboksi yenyewe kila anakokwenda, si cheti peke yake.

Ile fenofibreti iliyokuwa kwenye kidonge cha yule mama inatufikisha kwenye mstari mwingine wa cheti cha maabara: trigliseraidi. Haya ni mafuta ya aina nyingine, ya kuhifadhi nguvu. Yanapanda kwa sukari isiyodhibitiwa, unene wa tumbo, soda, na pombe. Huku kwetu mbege haiepukiki kutajwa. Ni ndizi na ulezi, na wapo wanaoiona kama uji, lakini ina pombe na ina sukari, na vyote viwili vinapandisha trigliseraidi. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, zinaikokotoa kutoka kwenye kolesteroli yote, HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri) na trigliseraidi, na hesabu hiyo haiaminiki tena trigliseraidi zikizidi 4.5 mmol/L. Ukiona mstari wa LDL umeachwa wazi, au una namba ya ajabu, angalia kwanza mstari wa trigliseraidi.

Wachaga wengi hurudi nyumbani Desemba, na wakirudi hawarudi kula mchicha. Kuna ndafu, kuna mbege ya kila ukoo, na dawa mara nyingi zimesahaulika Dar es Salaam. Kipimo cha wiki ya kwanza ya Januari kinapima sikukuu zaidi kuliko kinavyompima mgonjwa, na si msingi mzuri wa kumwongezea mtu dawa ya pili.

Kundi la dawa za fibreti hushusha trigliseraidi vizuri sana. Likaja wazo lililoonekana haliwezi kushindwa: statini kwa ajili ya LDL, fibreti kwa ajili ya trigliseraidi, namba zote zikae sawa, mgonjwa apone. Mwaka 2010 yakatoka majibu ya utafiti wa wagonjwa wa kisukari 5,518, wote wakimeza simvastatini, nusu yao wakiongezewa fenofibreti. Namba zilipendeza. Mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vitokanavyo na moyo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wengine wakasema fibreti ile haikuwa kali vya kutosha, ikatengenezwa mpya, pemafibreti, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 10,000. Majibu yalitoka mwaka 2022: trigliseraidi zilishuka kwa karibu robo, na mioyo haikunufaika.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwemo wanaoandika dawa. Namba ikishuka kwenye karatasi, inadhaniwa hatari imeshuka nayo. Kwa LDL mara nyingi ni kweli. Kwa trigliseraidi na HDL mambo hayajaenda hivyo. Naiasini, vitamini B3 kwa dozi kubwa, ilikuwa ikipandisha HDL, na kwa miaka mingi iliandikwa pamoja na statini. Ikapimwa kwa wagonjwa 25,673, na mwaka 2014 ikaonekana haikumlinda mtu yeyote zaidi ya statini yake, bali iliongeza kisukari, kutokwa damu na maambukizi. Torcetrapibu, nayo ya kupandisha HDL, ilisimamishwa mwaka 2006 baada ya vifo kuongezeka kwa walioimeza pamoja na statini. Kwa hiyo ukikuta mtu anakuuzia kitu mtandaoni kwa sifa kwamba kinapandisha kolesteroli nzuri, mwulize kimepunguza vifo vya nani.

Fibreti ina kazi yake halali. Trigliseraidi zikipanda sana, kuelekea 10 mmol/L na zaidi, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na huo ni ugonjwa unaoua. Hapo fenofibreti hutumika kulilinda kongosho, sambamba na kuacha pombe na kuiweka sukari sawa. Mwenye trigliseraidi 2.8 na kisukari kisichodhibitiwa anahitaji zaidi kushughulikia sukari kuliko kidonge kipya. Vidonge vya mafuta ya samaki vya dukani navyo visichanganywe na dawa ya omega-3 iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, iliyoonyesha faida kwenye utafiti wa 2018. Hata huo bado unabishaniwa, kwa sababu ya mafuta ya madini waliyopewa wagonjwa wa kundi la kulinganisha.

Kama fibreti lazima iongezwe kwenye statini, iwe fenofibreti, isiwe jemfibrozili. Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Agosti 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni statini yake, serivastatini, baada ya misuli ya wagonjwa kuyeyuka. Misuli ikivunjika kwa wingi, protini yake inamwagika kwenye damu na kuziba figo. Marekani peke yake kulikuwa na ripoti za vifo 31, na 12 kati ya waliokufa walikuwa wakitumia jemfibrozili pamoja nayo. Jemfibrozili inaufungia mwili njia za kuitoa statini, basi dozi ya kawaida inageuka kuwa dozi kubwa mno bila mtu kugusa kidonge cha ziada.

Jambo hilohilo linaweza kufanywa na dawa ambazo hazina uhusiano wowote na mafuta. Anayemeza amlodipini ya presha, na ni wengi, asizidishe simvastatini miligramu 20 kwa siku. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo mtu anaweza kupewa kwa kikohozi tu, hazikai na simvastatini kabisa. Dawa za UKIMWI za mstari wa pili zenye ritonavia vilevile haziendi na simvastatini, wakati dolutegravia, iliyomo kwenye kidonge cha TLD ambacho ndicho wengi wanameza sasa, haina ugomvi wa maana na statini. Juisi ya balungi nyingi inaongeza simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Rosuvastatini haitegemei njia hiyo ya ini, hivyo mara nyingi ndiyo kimbilio kwa mwenye dawa nyingi, mradi figo zake ziangaliwe.

Dalili ya kukimbilia hospitali ni maumivu makali ya misuli au udhaifu wa ghafla, pamoja na mkojo wa kahawia iliyokolea. Hiyo ni nadra. Maumivu madogomadogo ya viungo ni kitu kingine. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 60, wote waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, chupa za mwezi mmoja mmoja kwa zamu: nyingine za statini, nyingine za vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani, nyingine bila kidonge kabisa. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini mengi hayakutoka kwenye dawa. Nusu yao walirudi kumeza. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba statini imekukataa, omba kujaribu nyingine, au dozi ndogo pamoja na ezetimibe.

Hapa Arusha mazungumzo haya hayawezi kwisha bila mtu kusema: mbona Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama na hawana hayo? Swali hilo lina historia. George Mann, daktari Mmarekani, aliwapima wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika na kuchapisha majibu mwaka 1964: kolesteroli yao ilikuwa ya chini kweli, na dalili za ugonjwa wa moyo hazikuonekana. Kinachosahaulika ni kazi yake ya 1972, alipochunguza miili ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Ateri zao zilikuwa na mafuta ukutani, lakini zilikuwa pana, na yeye alidhani ni kwa sababu ya kutembea. Mchungaji yule wa miaka ya sitini, mwembamba, anayekata kilomita kwa kilomita nyuma ya ng'ombe, hawezi kutumika kumtetea mtu anayekaa ofisini Njiro na kula kilo ya nyama choma kila Ijumaa.

Zipo dawa nyingine za kuunganishwa na statini. Asidi ya bempedoiki inakata utengenezaji wa kolesteroli kwenye hatua ya juu kidogo ya pale inapokata statini, na kwa kuwa haiamshwi ndani ya misuli, inawafaa wasiovumilia statini. Utafiti wa 2023 uliihusisha na punguzo la asilimia 13 la matukio makubwa ya moyo. Ila zenye nguvu kuliko zote ni sindano za kuzuia ile PCSK9, yaani evolocumabu na alirocumabu, zilizoruhusiwa mwaka 2015. Zikiwekwa juu ya statini zinashusha LDL kwa asilimia 60 hivi. Bei yake inazifanya kwa wagonjwa wengi wa kwetu ziwe habari za kusoma tu.

Habari yenyewe inatuhusu lakini. Watafiti wa Dallas walipata kwamba miongoni mwa Wamarekani weusi, karibu 2.6 kati ya 100 walizaliwa na jeni ya PCSK9 iliyoharibika, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo uliwapitia mbali: ulipungua kwa asilimia 88. Kisha miongoni mwa akina mama wa kliniki ya wajawazito nchini Zimbabwe akapatikana mmoja aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama. LDL yake ilikuwa 0.4 mmol/L, na alikuwa mzima. Wanaoogopa kwamba dawa mbili zitaishusha LDL chini kupita kiasi wanaweza kumtazama mama huyo.

Upande wa pili wa urithi ni wale wanaozaliwa na LDL ya juu. Karibu mtu mmoja katika 300 hurithi kipokezi kibovu kutoka kwa mzazi mmoja, na LDL yake inakuwa 5 au zaidi tangu utotoni bila kujali anakula nini. Ukimwona mtu ambaye kano yake nene nyuma ya kisigino (si mshipa wa damu) ina uvimbe mgumu, au ambaye baba na amu walianguka kwa moyo kabla ya miaka 55, hiyo ndiyo familia ya kupima, watoto wakiwemo. Kwao dawa mbili ni kawaida, kwa sababu statini peke yake mara chache inatosha, na hakuna mlo utakaoziba pengo hilo. Watoto hao wanaweza kuanzishiwa statini wakiwa na miaka 8 au 10.

Wachache mno, kama mmoja katika watu 300,000, hurithi kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, na bila tiba moyo unaweza kuwashinda kabla ya miaka 20. Hapo statini na sindano za PCSK9 zinafanya kazi hafifu, maana zote zinategemea vipokezi ambavyo mtoto huyo karibu hana, na ndiyo maana katika nchi zenye uwezo damu yake huchujwa kwa mashine kila wiki au kila wiki mbili, juu ya dawa zote hizo.